Mlango wa Mwalimu Zuhura

Vijana wa karakana waliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, wakaongeza kwamba kisiwe kirefu kwa sababu wana shughuli. Nimewaelewa. Sitaeleza nilivyopandishwa cheo, kwa kuwa ilitokea mara mbili tu, na mara zote mbili niliambiwa na mtu aliyedhani najua tayari. Nitaeleza siku ya kwanza, mtu aliyenifunza, na kazi moja ya Mji wa Kale iliyonirudisha katika nyumba ile ile mpaka nikaanza kupewa kikombe changu.

Jina langu ni Dama Katana. Nilizaliwa Kaloleni, nikasomea umeme, nikaajiriwa Mombasa na kampuni ndogo iliyokuwa Makadara, juu ya mkahawa wa mbaazi na mahamri. Siku ya kwanza nilifika mapema nikiwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Karani akanipokea vizuri sana, akaniketisha mbele ya taipureta, akanipa barua tatu za kupiga chapa. Nikazipiga. Nilidhani ni mtihani. Saa tatu akaingia mzee mfupi mwenye kofia ya viua, ile ya vitundu vya kushonwa, na bisibisi mfukoni, akauliza fundi mpya yuko wapi, maana alikuwa akimngoja chini tangu asubuhi. Karani akamjibu kwamba fundi hajafika, aliyefika ni mpiga chapa tu. Nikainua mkono. Mzee akaitazama barua iliyokuwa kwenye mashine, akasema ina makosa mawili, kisha akaniambia tushuke.

Huyo ndiye Fundi Mselem, mzaliwa wa Mji wa Kale, ambaye alinifunza kazi kwa miaka tisa. Hakuniuliza kwa nini mwanamke ataka kazi ya umeme. Aliniuliza kama naogopa kupanda juu. Nikamwambia naogopa. Akasema vyema, wale wasioogopa amekwisha kuwatembelea hospitalini.

Vifaa vyake alivipanga ndani ya begi kwa namna ambayo mkono ungevipata bila ya jicho: tesita ya kupimia stima upande wa kulia, imefungwa kitambaa, koleo katikati, fyuzi ndani ya kopo la kahawa. Nilimwiga katika yote hayo. Jambo moja tu sikuweza kumwiga. Akiingia nyumba yenye hitilafu, kabla ya kufungua chochote, aliomba kiti. Alikaa robo saa, pengine nusu saa, akatazama watu wa nyumba ile wanavyopita, wanawasha nini na kwa mkono gani, nani anamwita nani. Kisha akasimama na kwenda moja kwa moja penye tatizo. Mimi nilikuwa kijana, nikaona mtu akinikuta nimekaa kitini atadhani sijui kazi. Kwa hiyo nilifanya kazi nimesimama, na mara nyingi nilifungua visanduku vitatu vizima kabla ya kufika kwenye kibovu.

Mji wa Kale ukawa wangu kwa sababu rahisi. Fundi mwanamume akienda nyumba za kule hungoja chini mpaka wanawake wahamie chumba kingine, na ikiwa hitilafu iko katika chumba walichohamia, hungoja tena. Mimi nilipitishwa hadi jikoni. Kampuni iligundua kwamba kazi zangu zinakwisha kabla ya adhuhuri, ikanipa sifa ya kuwa mwepesi. Sikuwa mwepesi. Nilikuwa sisubirishwi.

Kazi ngumu zilikuwepo. Ghala moja la Mbaraki lilikuwa na king'ora kilicholia kila siku asubuhi, na wenye ghala wakashuku walinzi wao wote kwa zamu. Nilibadilisha swichi, nikabadilisha waya, nikabadilisha king'ora chenyewe. Mwisho Fundi Mselem akaja, akaomba kiti, akakaa uani. Baada ya muda akanionyesha kunguru aliyekuwa akivuta vipande vya waya wa shaba kutoka kwenye boksi la ukutani na kuvijengea kiota. Walinzi waliombwa radhi. Kunguru alirudi baada ya siku mbili, akaanza upya.

Katikati ya miaka ya tisini kompyuta zikaanza kuingia majumbani, moja moja, chini ya vitambaa vya kutarizi. Pamoja nazo zikaja, mizigoni mwa jamaa walioko ng'ambo, seti za vifaa ambazo kampuni yetu haikuwahi kuziona. Nitazieleza, kwa kuwa ninyi leo mwafanya yote hayo kwa simu na pengine hamtaamini. Kulikuwa na visanduku vyeupe, kila kimoja chachomekwa kwenye soketi, kisha taa au feni yachomekwa ndani yake. Kila kisanduku kilikuwa na vigurudumu viwili vya kuzungusha kwa bisibisi: kimoja herufi ya nyumba, cha pili nambari ya kifaa. Kompyuta iliunganishwa na kisanduku kikubwa kwa waya wa nyuma, na programu yake, iliyokuja ndani ya disketi, ilionyesha picha ndogo ndogo kwenye skrini. Ukibonyeza picha ya taa, amri ilipita ndani ya nyaya zile zile za stima za nyumba, ikamfikia mwenye nambari yake, na taa ikawaka. Pengine ikawaka.

Nasema pengine kwa sababu amri ile ilikwenda bila kurudi. Kompyuta ilituma, lakini haikuwa na njia ya kujua kama imetiiwa. Ukibonyeza, picha iligeuka manjano na skrini ikasema kifaa kimewaka, hata kama kifaa chenyewe umekipeleka kwa jirani. Sijapata kufanya kazi na yeyote mwenye uhakika kama programu ile.

Seti ya kwanza niliiweka kwa mfanyabiashara mmoja aliyetaka kuwasha taa ya mezani iliyokuwa karibu na kompyuta yake. Angeweza kuifikia kwa mkono. Niliiweka, alifurahi, aliita wageni. Seti ya pili ilikuwa ya Mwalimu Zuhura.

Mwalimu Zuhura alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kidogo, mwalimu wa chuo cha Kurani cha wasichana. Kila alasiri, isipokuwa Alhamisi na Ijumaa, wasichana walipanda orofa ya pili ya nyumba yao wakasoma mbele yake. Kisha akapata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ikalala, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kwa kazi, ingawa akili ilibaki kali vile vile. Aliishi na mdogo wake, Bi Salma, mjane, ambaye alimwosha, alimlisha, alimgeuza kitandani, na kwa miezi mingi aliwaambia wasichana dirishani kwamba mwalimu hajiwezi.

Mwalimu mwenyewe hakukubali kwamba hajiwezi. Alimwambia mtoto wa kaka yake aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo kwamba ataka kitu kimoja tu: wasichana wakibisha, aweze kuwafungulia yeye. Yule kijana aliporudi likizo alileta kompyuta na seti ya visanduku, akatukabidhi, akaondoka na ndege ya Jumapili.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu. Chumbani niliweka taa, feni na kengele ya kumwita Bi Salma. Kwenye mlango wa barabarani nilifunga komeo la umeme, nikapandisha waya wake kwenye ngazi mpaka ukumbini, nje ya chumba cha Mwalimu, ambako ulichomekwa kwenye kisanduku nambari nne. Nambari nne ndiyo iliyokuwa mlango.

Ikabaki skrini. Mwalimu Zuhura alisoma Kiarabu, na Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini herufi za programu ile zilikuwa za Kizungu. Kwa hiyo tukatumia picha. Waliotengeneza programu waliweka picha ya taa na picha ya feni. Ya mlango hawakuiweka. Kulikuwa na mti wa Krismasi, ambao niliupita bila kusema neno, mashine ya kahawa, na bwawa la kuogelea. Nyumba ile ilipata maji kwa mkokoteni, madumu kwa madumu, kwa hiyo bwawa halikuelekea kuhitajika kwa jambo jingine. Tukalipa bwawa kazi ya mlango. Mwalimu aliutia mkono wa kushoto juu ya kipanya, akakisogeza taratibu kama agusaye kichwa cha mtoto mchanga, akabonyeza bwawa. Chini, komeo likalia, mlango ukaachia. Alibonyeza tena mara sita, nami nikashuka na kupanda mara sita kuurudisha mlango, mpaka akatosheka.

Wiki ile ile wasichana wakaarifiwa. Siku ya kwanza walikuja kumi na mmoja.

Siku ya tatu mamake mwanafunzi mmoja, jirani wa nyumba ya pili, akapiga simu karakana: mlango haufunguki. Nikaenda. Nikakuta kwamba nyumba ile ina fezi tatu, yaani njia tatu za stima zisizokutana, tangu siku ambazo baba yao alikuwa na mashine za kushonea matanga ya majahazi chini, na kompyuta iko kwenye fezi moja, komeo kwenye nyingine. Amri zilivuka siku nyingine, siku nyingine hazikuvuka. Nikahamisha waya, nikajaribu, ikafanya kazi. Bi Salma akanipa chai na kaimati, akasema huenda mashine ilikuwa imechoka.

Baada ya wiki, simu tena. Safari hii nikalikuta friji, la zamani, la kunguruma, na nikaona kwamba mota yake ikianza kuzunguka huimeza amri njiani. Nikalifungia kichujio. Nikajaribu friji likinguruma na friji likinyamaza. Ikafanya kazi. Chai, kaimati. Bi Salma akasema kwa upole kwamba labda vitu hivi vya ng'ambo havipendi joto letu.

Mara ya tatu nilikwenda asubuhi, nikapima kila soketi ya nyumba ile na sikukuta kosa hata moja. Mwalimu alibonyeza bwawa, mlango ukafunguka, akabonyeza tena, ukafunguka tena. Nilimwuliza tatizo hutokea lini. Akachukua muda, akasema: "Alasiri." Nikamwuliza kila siku? Akatikisa kichwa. "Alhamisi... nzuri. Ijumaa... nzuri." Akanitazama sana aliposema hivyo. Mimi nikaandika kwenye kadi ya kazi kwamba huenda nguvu ya stima hushuka alasiri watu wanapoanza kupika. Ni maelezo ninayoyaonea haya mpaka leo, maana nilikuwa nimepewa jibu mkononi nikaliweka chini kutafuta kalamu.

Wasichana waliokuwa wakija walikuwa wamebaki watatu. Mtoto hubisha, hungoja, huona hafunguliwi, huenda kucheza. Yule jirani aliniambia kwamba wazazi wameanza kuulizia chuo kingine, na kwamba wakishahama hawatarudi.

Niliporudi karakana nilimweleza Fundi Mselem yote: fezi, friji, vipimo. Wakati huo macho yake yalikuwa yamepungua nguvu na kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umekaa?" akaniuliza.

Nikamwambia sikukaa, nilikuwa na kazi nyingi.

"Basi nenda kakae," akasema.

Nikaenda siku ya Jumatatu, baada ya adhuhuri. Nilimwambia Bi Salma kwamba leo sitafungua chochote, nataka kiti tu, pale ukumbini. Akaniletea kiti. Akaniletea maji ya ukwaju. Akaniuliza kama nisingependa kwenda kutazama nyaya za juu ya paa, maana huko kuna upepo. Nikamshukuru, nikabaki. Akaingia jikoni. Kwa muda mrefu sikuona kitu ila paka na mtu mmoja mwenye kazi nyingi: alipeleka maji chumbani, alitoa shuka, alirudisha shuka nyingine, alimsukia dada yake nywele, nikamsikia akimsimulia habari za sokoni bila ya kungoja kujibiwa. Nikaona haya. Mara tatu zilizopita sikuwa nimemwona anavyofanya kazi. Nilikuwa nimeona soketi tu.

Ikaadhiniwa alasiri. Walipokwisha kuswali, Bi Salma akatoka chumbani na sinia mkononi. Alipofika usawa wa kisanduku nambari nne, akainama kama aokotaye kitu, akakichomoa, akakifunga kwenye pindo la leso yake. Alifanya bila ya kutazama, kama mtu afanyavyo jambo la kila siku. Nadhani alisahau kwamba niko. Aliponyanyuka, tukatazamana.

Chini wakaanza kubisha. Sauti za wasichana zikasikika. Kutoka chumbani nikasikia kipanya kikibonyezwa, mara moja, kisha tena. Nilijua skrini inasema mlango uko wazi.

Bi Salma akanisogelea karibu sana. "Usimwambie," akasema kwa sauti ya chini.

Nikamwuliza kwa nini. Akaliweka sinia sakafuni, akakaa juu ya kidato cha juu cha ngazi, akanipa mgongo.

"Siku ile walibisha hivi hivi," akasema. "Mimi niko jikoni nakaanga kaimati. Nilisikia. Nikasema nimalize hizi zilizo motoni, kisha nishuke. Akashuka yeye. Nikamsikia akianguka."

Nikamwambia kwamba kilichomwangusha ni kiharusi, na kingempata hata kitandani.

"Nayuwa. Daktari aliniambia. Lakini wakibisha, mimi husikia vile alivyoanguka. Wasipokuja, sisikii."

Chuo cha umeme kilinifunza kutafuta waya uliokatika tu. Wakabisha tena, polepole zaidi, kama watoto wanaojiandaa kuondoka. Bi Salma akafungua pindo la leso, akanyoosha mkono anipe kile kisanduku. Nikakitazama, sikukipokea. Nikamwambia soketi iko karibu na yeye kuliko mimi.

Ni kweli ilikuwa karibu naye. Lakini ilimchukua muda kufika. Alikichomeka kwa mikono miwili. Ndani kipanya kikabonyezwa kwa mara nyingine, na chini komeo likalia.

Wasichana watatu wakaingia wakaanza kupanda kwa mbio, na Bi Salma, ambaye tangu dada yake aanguke alikuwa akizipita ngazi zile bila ya kusimama, akashuka mpaka katikati, akasimama amegemea ukuta. Akawapitisha mmoja mmoja. Aliwaambia washike ukuta, wasikimbie, wavue viatu juu na si chini.

Chuo kile kiliendelea miaka minne, mpaka Mwalimu alipofariki. Idadi ilirudi kumi na mmoja, kisha ikapita. Yule jirani alinieleza kwamba Bi Salma alikuwa akisimama pale ngazini kila alasiri, na kwamba watoto walimwogopa yeye kuliko mwalimu. Kompyuta ilikufa katika mwaka wa pili, ikanunuliwa nyingine iliyotumika. Sikuitwa tena kwa hitilafu ya nambari nne. Fundi Mselem hakuniuliza nilichokiona kutoka kwenye kile kiti. Alisoma kadi yangu ya kazi, ambapo nilikuwa nimeandika "Plagi. Imekazwa," akaitia kwenye faili.

Lakini Jumatatu ile, kabla sijaondoka, niliingia chumbani kumuaga Mwalimu. Wasichana walikuwa wameketi mkekani wakifungua misahafu. Bi Salma alikuwa bado kwenye ngazi. Mwalimu Zuhura akanifanyia ishara niiname.

"Mashine... ilikuwa na nini?" akaniuliza.

"Plagi ilikuwa imelegea, Mwalimu."

Upande wa mdomo uliokuwa ukimtii ukatabasamu. "Nayuwa," akasema. "Tangu... wiki ya kwanza."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini aliacha nije mara nne, nikapima soketi za nyumba nzima, nikafungia friji kichujio. Akapumzika kidogo, akayapanga maneno.

"Ningemshika mimi... angenionea haya... mpaka kufa. Wewe ni fundi. Utakwenda zako."

Nikafunga begi langu, nikampa mkono, nikashuka ngazi nikimpita Bi Salma, ambaye aliniambia nishike ukuta. Nikaushika, nikaenda zangu.